Usilipe hiyo PDF ya maneno magumu, na barua ya bosi usiiguse

Dada mtoa mada, simama hapo hapo. Hiyo elfu ishirini usiitume.

Nimelirudia bandiko lako kuhakikisha nimeelewa. Wewe ni muuguzi, una IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, baada ya miezi miwili, unaomba ufadhili wa shahada ya uzamili Uingereza, na kwenye grupu la WhatsApp umekutana na mtu anayeuza PDF ya maneno 1,200 ya Kiingereza kigumu, kila neno na maana yake ya Kiswahili pembeni. Mpango wako ni kumeza maneno 40 kwa siku. Unauliza kama PDF inafaa, programu gani ya simu ni nzuri kwa kukariri, matamshi utajifunza vipi, na kama kujua mizizi ya Kilatini na Kigiriki kunasaidia. Wadau walionitangulia wamekwambia nunua, elimu haina mwisho. Mmoja kaomba kabisa namba ya muuzaji.

Halafu mwishoni, kama jambo la kupita tu, umeandika kwamba bosi wako kasema barua ya kukupendekeza uiandike mwenyewe, yeye atasaini, na kwamba umeshaanza "kuipandisha hadhi" kwa maneno ya kwenye sampuli ya hiyo PDF. Ukabandika na sentensi moja ya mfano, tena kwa furaha, ukaweka na kimoji cha makofi.

Hapo ndipo niliposhindwa kukaa kimya. Mimi humu huwa naingia, nacheka, natoka. Lakini hili limenitokea mimi mwenyewe na lilinigharimu vibaya, kwa hiyo leo utanivumilia.

Mimi ni mtu wa ugavi. Nimesoma shule ya kata. Darasa la kwanza mpaka la saba Kiswahili, kufika kidato cha kwanza tukaambiwa kuanzia leo ni Kiingereza. Walimu wenyewe walikuwa wanafundisha kwa Kiingereza dakika kumi, wakiona macho yetu yameganda wanarudi kwenye Kiswahili. Nikatoka pale na Kiingereza cha kuombea maji, ambacho kilinivusha mpaka chuo, maana mitihani ya ugavi haina mashairi. Shujaa wetu shuleni alikuwa kaka mmoja wa midahalo. Akisimama anatema ung'eng'e ambao hata mwalimu wa zamu hauelewi, ukumbi unalipuka kwa makofi. Hakuna aliyejua amesema nini. Alikuwa anashinda kila mara. Nadhani ugonjwa wangu ulianzia pale: niliamini kwamba Kiingereza kizuri ni kile ambacho msikilizaji hakielewi.

Basi nilipoanza kuwaza ufadhili, nikanunua PDF. Yangu ilikuwa elfu kumi na tano; naona bei imepanda, kila kitu kimepanda. Mpangilio ni huo huo wa kwenye sampuli yako: neno la Kiingereza kushoto, alama ya sawasawa katikati, neno moja la Kiswahili kulia. Hakuna sentensi, hakuna mfano, hakuna onyo. Nikaimeza. Usiku najihoji mwenyewe, asubuhi kwenye daladala najihoji tena huku konda ananikanyaga. Na nilikuwa nayajua kweli, usidhani unaongea na kilaza. Ungenishtua usingizini ukasema "officious", ningekujibu "-a kiofisi" kabla sijafumbua macho.

Bosi wangu naye, kama wako, akasema andika, lete nisaini. Nikaandika kwanza kwa Kiingereza changu cha kawaida:

"He is a hard-working and helpful officer, well known in the whole department for his simple approach to procurement."

Isome vizuri. Haina kosa na inaeleweka, ingepita popote. Mimi nikaiona ya kishamba. Nikafungua PDF, na pale PDF iliponyamaza nikabonyeza Shift na F7 kwenye Word, ile orodha ya visawe ikajitokeza pembeni, nikachagua kila palipo na neno refu zaidi. Barua iliyokwenda kusainiwa ikasomeka hivi:

"He is a meretricious and officious officer, notorious in the whole department for his simplistic approach to procurement."

Wanaojua wameshaanza kucheka. Chekeni tu, nimeshazoea. Ninayemwandikia ni yule ambaye bado hajacheka.

"Officious", PDF ilisema "-a kiofisi". Sasa fungua kamusi ya maana usome: ni mtu mwenye kiherehere cha kuamrisha wenzake, yule mlinzi wa getini aliyepewa kadaraka kadogo akaamua kulitumia kukusimamisha juani. "Notorious", PDF ilisema "maarufu sana". Ni kweli ni maarufu, ila kwa ubaya. "Simplistic", PDF ilisema "rahisi kueleweka". Maana yake ni kulichukua jambo zito na kulirahisisha mpaka likapoteza ukweli wake. Na hiyo "meretricious" ndiyo kiboko. PDF ilisema "-enye sifa njema", kwa sababu aliyeiandaa aliona "merit" (ustahili) ndani ya neno, na mimi pia niliiona nikafurahi kama nimegundua dhahabu. Neno hilo limetoka kwenye Kilatini "meretrix", yaani kahaba. Leo linatumika kwa kitu kinachong'aa nje ili kikuvutie, ndani hamna kitu.

Kwa hiyo bosi wangu, kwa saini yake na muhuri wa ofisi, aliwaandikia watu wa Uingereza kwamba mimi ni ofisa wa kung'aa nje ndani bure, mwenye kiherehere, niliyejipatia sifa mbaya idara nzima kwa kufanya manunuzi kitoto.

Kama bado huoni uzito wake, geuza. Chukua Mzungu aliyejifunza Kiswahili kwa orodha kama hiyo. Orodha yake imemwambia "sugu" ni mwenye uzoefu mkubwa, na "kubuhu" ni kuzoea jambo kwa muda mrefu. Akija mgonjwa wako anamtambulisha mganga mkuu: "Huyu ni daktari sugu, aliyekubuhu katika upasuaji." Wewe utaingia chumba hicho? Maana ya kamusi kaipata, hajakosea sana. Alichokosa ni kile ambacho mimi na wewe hatukufundishwa na mtu, tumekikuta tu: kwamba sugu ni jambazi, na aliyekubuhu ni mwizi au mlevi. Tumesikia maneno hayo maelfu ya mara yakiwa na watu wa aina hiyo, basi hata yakisimama peke yake yananuka.

Turudi kwenye kisa. Ajabu ni kwamba waliniita kwenye usaili. Nadhani vyeti vilikuwa vizuri, au walitaka tu kumwona huyo mtu. Usaili ulikuwa kwa video, jopo la watu watatu. Mama mmoja wa makamo, mpole, akavaa miwani akasoma kutoka kwenye karatasi. Akaniambia mdhamini wako anasema wewe ni "notorious" idarani. Je, "notorious" kwa lipi?

Nikajibu kwa fahari, nikiwa nimenyoosha tai: kwa kila kitu, madam.

Wale wawili wengine wakazima kamera kwa muda. Mimi nikadhani ni mtandao.

Barua ya kukataliwa haikutaja sababu, huwa hazitaji, na sitasema kwa uhakika kwamba ni maneno yale manne yaliyoniponza. Inawezekana nilikuwa dhaifu kwingine. Lakini waliandika kwa bosi kumuuliza kama barua ile ni yake kweli. Yeye siku ile ndiyo aliisoma kwa mara ya kwanza, akiwa na mkuu mpya wa utawala, bwana aliyesoma nje na anayekijua Kiingereza barabara. Nikaitwa. Nikasomewa barua yangu kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Bosi hakunifokea, afadhali angenifokea. Aliniuliza tu: "Ulitaka waone mimi ndiye ninayekuita hivi, au waone mimi sijui kusoma?"

Kulikuwa na nafasi ya kukaimu kitengo, ofisi nzima ilijua ni yangu. Akapewa mwingine. Dirisha la ufadhili la mwaka uliofuata likafunguliwa likafungwa sina mdhamini, maana mzee hakusaini tena karatasi yangu yoyote isipokuwa ya likizo, na hiyo pia alikuwa anaisoma mpaka tarehe. Dereva wa ofisi mpaka leo ananiita Noto. Mke wangu naye ameanza.

Huyo muuzaji nilimfuata. Nikamwandikia kwa heshima zote, nikamwonyesha maneno yenyewe na kamusi inavyosema. Akanijibu, "Kiingereza kinabadilika mkuu." Nikamwambia hakijabadilika kiasi hicho. Akanitoa kwenye grupu. Mtu mzima, anajiita mwalimu, picha ya profaili amevaa joho la mahafali ambalo sina hakika hakulikodi. Anakusanya elfu kumi na tano za vijana wanaotafuta maisha, halafu hata kamusi moja ya bure ya mtandaoni hajafungua. Hasira yangu kubwa haiko kwenye pesa. Iko kwenye ile alama ya sawasawa. Mtu akikuandikia kwamba neno hili SAWASAWA na neno lile amekuapia kwamba unaweza kuling'oa moja ukapachika jingine, na yeye hajui.

Nilikuja kufuatilia orodha hizi zinatoka wapi. Nyingi ni mabaki ya maandalizi ya GRE, ule mtihani wa Marekani wa kuingilia shahada za juu. Zamani GRE ilikuwa na maswali ya vinyume, unapewa neno moja tupu unatafuta kinyume chake, kwa hiyo kukariri orodha kulikuwa na faida fulani. Waliyaondoa maswali hayo mwaka 2011. Toka hapo maneno yanapimwa ndani ya sentensi na aya. Mtihani ulishahama, orodha zimebaki zinazunguka WhatsApp na kuuzwa kwa watu wanaofanya IELTS, mtihani mwingine kabisa.

Na IELTS yenyewe inataka nini? Kwenye kuandika wanapima mambo manne yenye uzito sawa, na msamiati ni robo tu. Sasa soma maelezo yao ya alama 7 kwenye hiyo robo, yako wazi mtandaoni, ya bure. Wanataka maneno yasiyo ya kila siku, ndiyo, lakini papo hapo wanataka waone unajua mtindo na unajua neno gani linaandamana na lipi. Insha ile ya pili ni maneno yasiyopungua 250 kwa dakika kama 40. Ukimwaga humo maneno magumu kumi yaliyokaa vibaya, kila moja linamwonyesha msahihishaji kwamba hulijui. Ungeandika kwa maneno ya kawaida asingejua kama hujui.

Sasa sheria yangu. Ni moja, na sina nyingine, na wanaotaka kubishana nayo wafungue uzi wao: NENO HALIINGII KWENYE MAANDISHI YANGU MPAKA LIWE NA MASHAHIDI WATATU. Shahidi ni sentensi kamili iliyoandikwa na mtu anayejua lugha, aliyekuwa na shughuli zake, hakuwa anakufundisha neno. Watatu tofauti, wasiwe wamenakiliana. Kamusi si shahidi, kamusi ni karani wa mahakama. Na shahidi hahojiwi maana tu, anahojiwa alikuwa na nani: neno gani limetangulia, neno gani limefuata, na je, wanaozungumziwa wanasifiwa au wanalaumiwa.

Nikuonyeshe daftari langu. Ukurasa wa "mitigate". PDF ilisema "kupunguza", basi, na mimi ningeandika kwa raha kwamba nime-mitigate bei ya mafuta. Shahidi wa kwanza nilimpata kwenye nyaraka za zabuni za mradi mmoja: "measures to mitigate risk". Wa pili kwenye habari za mabadiliko ya tabianchi. Lile jopo la kimataifa la IPCC lina kikundi kazi cha tatu ambacho kazi yake yote ni hiyo "mitigation", kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, ili madhara yasiwe makubwa. Wa tatu kwenye habari ya mahakamani: mtu ameshatiwa hatiani, wakili wake anasimama kuomba adhabu isiwe kali, na hiyo nayo wanaiita "mitigation". Ukiwaweka mashahidi hao pamoja unaona mwenyewe bila kuambiwa: kinachopunguzwa siku zote ni ubaya, ni hatari, madhara, adhabu, makali. Hupunguzi bei kwa "mitigate", hupunguzi uzito wa mwili, hupunguzi mshahara wa mtu, ingawa Kiswahili chetu kinatumia "kupunguza" kwa yote hayo. Ukurasa mmoja wa daftari, neno moja, na sijawahi kulikosea tena. Kwa mwendo huo huwezi kupata maneno 40 kwa siku. Utapata mawili, siku nzuri matatu. Na hayo ni yako.

Najua utaniuliza, kwa mwendo huo si nitafika mtihani sijui kitu? Utafika unajua zaidi ya mimi nilivyojua. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, akachapisha matokeo mwaka 1885: alichokariri kilipukutika vibaya ndani ya saa za mwanzo tu. Na neno lenye alama ya sawasawa na kisawe kimoja, lisilo na sentensi wala mahali ulipolikuta, halina tofauti kubwa na silabi zake zile.

Halafu maneno unayoyakosa siyo hayo ya kwenye PDF. Paul Nation, mtafiti wa msamiati wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, New Zealand, alipiga hesabu mwaka 2006 kwamba kusoma vitabu na magazeti kwa raha bila kamusi kunahitaji familia za maneno kama 8,000 hadi 9,000. Familia ni neno na watoto wake, mathalan "derive" na "derivation". Ukisikia hivyo unataka kukata tamaa, subiri. Averil Coxhead wa chuo hicho hicho alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 tu ambazo zinabeba kama asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma, ukishatoa yale maneno 2,000 ya kawaida kabisa. Iko bure. Humo hamna "meretricious". Kuna "assess", "derive", "significant", "establish", maneno ambayo ukiyaona utasema haya nayajua. Huyajui. Mimi nilidhani nalijua "oversight" kwa sababu tunalitumia kazini kila siku, usimamizi. Siku moja nikapokea barua ya mzabuni inaomba radhi kwa "an oversight", nikakaribia kumjibu kwamba hakuna aliyemwomba asimamie. Neno lile lile pia ni kupitiwa, kusahau kuangalia. Nilishajifunza wakati huo, nikatafuta mashahidi kwanza, nikaokoka.

Mashahidi unawapata wapi? Unawatafuta kwenye Google, neno lako na jirani yake ndani ya alama za kunukuu, unaona watu wangapi wa maana wameliandika hivyo na wangapi ni blogu za wauza PDF. Tumia na kamusi za wanafunzi, siyo hizi za kisawe kimoja. Ile ya Oxford ilianzishwa na A. S. Hornby akiwa mwalimu Japani, ikachapwa Tokyo mwaka 1942, kwa sababu aliona wanafunzi wake wanajua maana za maneno na sentensi hawawezi kuzijenga. Ndiyo shida yetu hiyo hiyo. Iko bure mtandaoni, na kabla ya maana huwa wanaweka tahadhari: "formal", "informal", na ile niliyoipuuza maishani mwangu, "disapproving", yaani neno la kulaumu. Fungua "officious" uone imeandikwa nini. Ningeisoma lebo ile moja, leo ningekuwa nakaimu.

Mizizi ya Kilatini uliyouliza: inakusaidia kukumbuka neno ambalo umeshalijua, haikusaidii kubahatisha usilolijua. "Merit" na "meretricious" kweli ni ndugu, zote zimetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuchuma na kustahili. Mmoja alichuma kwa kustahili, mwingine unajua alichumaje. Undugu ni wa kweli na haukunisaidia chochote.

Na wewe dada una bahati kuliko mimi, maana mashahidi unalala nao wodini. Tuangalie hiyo sentensi uliyoibandika kwa makofi: "She is an ingenuous nurse who has exacerbated the performance of our ward." Nakisia sampuli imekwambia "ingenuous" ni mbunifu na "exacerbate" ni kuzidisha. La kwanza wamelichanganya na "ingenious", herufi moja tu. "Ingenuous" ni mtu asiye na hila, mwepesi wa kuamini kila kitu, ambaye dunia haijamfundisha. Si tusi, lakini nani anataka muuguzi wa hivyo kwenye kabati la dawa?

La pili sina haja ya kukueleza. Umeliona kwenye mafaili ya wagonjwa mara ngapi? "Acute exacerbation of asthma." Huyo mgonjwa alikuja hospitali kwa sababu anapumua vizuri zaidi? Basi ulikuwa nalo jibu kazini kwako siku zote, tena limeandikwa na madaktari, mashahidi siyo watatu, mia. Kinachozidishwa na "exacerbate" ni ugonjwa, maumivu, mgogoro, uhaba. Bosi wako anataka kusema umeinua utendaji wa wodi, na barua inasema ameajiri mtu aliyekuja kuuharibu zaidi uliokuwa tayari umeharibika.

Wadau mliosema elimu haina mwisho, sina ugomvi nanyi, ila yule aliyeomba namba ya muuzaji arudi hapa asome upya.

Dada, kabla bosi hajasaini, bandika barua yote hapa. Ficha jina lako, la kwake na la hospitali. Niko kazini mpaka jioni, nikifika nyumbani naipitia, na kuna walimu wa lugha humu ndani ambao wananizidi mbali, watanisahihisha na mimi. Ila hilo "exacerbated" usisubiri jioni. Futa sasa hivi, weka "improved".